Jirani Aliyepiga Simu

Bi Gunia alikuwa amekalia kreti la soda lililogeuzwa, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko, akiokota makaa matopeni kwa mkono wa kushoto. Kila akipata vipande viwili vitatu, kimoja kinamponyoka. Inspekta alimtazama kidogo, akakunja ncha za suruali yake, akachuchumaa na kuanza kuokota naye.

"Utachafuka, afande."

"Nitaoga. Nieleze tena walivyokuja."

Wenzake kituoni walimwita Sindano, na alijua. Walisema maswali ya mwanamke huyu yanaingia kama hayaumi, mtu akishafika nyumbani ndipo anaanza kujishikashika.

"Walikuja wengi," Bi Gunia alisema. "Wanawake wa uani kwetu na wa ua wa pili, Mama Pacha mbele. 'Wewe ndiye uliyetuchongea!' Nikauliza, nimechonga nini mimi? Jibu likaja na beleshi. Beleshi langu mwenyewe, afande, la kuchotea mkaa. Nikakinga kwa mkono. Wengine wakamwaga magunia yangu kwenye tope, wakaondoka wanashangilia kama wametoka harusini."

Kisa chenyewe Inspekta alikuwa ameshakisikia. Tangu mto uvunje kingo zake na kuingia nyumba za bondeni, kaya zilizobaki bila kipato chochote ziliandikishwa kwenye ruzuku ya dharura. Fedha ziliingia kwenye simu, mtu anakwenda kuzitoa kwa wakala. Kaya ya Mama Pacha ilikuwa mojawapo. Mwezi huu simu yake haikulia. Alipokwenda ofisini kuuliza, akaambiwa amesimamishwa, kwa kuwa jirani amepiga simu kusema mumewe ana kazi. Jirani yupi, hakuambiwa. Akamchagua mwenyewe.

"Na kwa nini akuchague wewe, dada?"

Bi Gunia aliacha kuokota. "Mdomo wangu. Mimi niliomba nikakataliwa, eti nina biashara. Biashara yenyewe si hii unayoiona? Basi siku hiyo nikasema bombani, watu wote wanasikia, kwamba wanaopewa ni wale wenye waume wanaotoka asubuhi na mashati yamepigwa pasi. Nilisema, siwezi kukataa. Lakini kusema bombani ni kitu kimoja, kupiga simu ni kingine."

"Huyo mumewe ni mtu gani?"

"Baba Pacha? Karani wa kiwanda cha sabuni. Mtu wa heshima zake. Hata salamu anakupa kama anakukopesha."

Kutoka pale Inspekta alikwenda moja kwa moja ofisi ya ruzuku. Kitengo cha malalamiko kilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka na meza iliyobanwa na kabati. Mpokea simu, kijana mwenye spika za masikioni shingoni, alisimama alipoona kitambulisho.

"Afande, sheria yetu ni kutomtaja anayepiga. Hata namba mtambo hauhifadhi. Ndiyo ahadi tuliyowapa watu."

"Lakini mama wa mapacha aliambiwa ni jirani."

Kijana alikaa taratibu. "Ni mimi niliyemwambia. Alikuwa analia hapo ulipo. Nikataka kumtuliza."

"Ulimtuliza kweli. Mwenzake ana plasta mkononi."

Kijana alianza kuuzungusha waya wa spika kwenye kidole, akaufungua, akauzungusha tena.

"Mlikwenda kuhakikisha kama mumewe ana kazi?"

"Bado. Wahakiki wetu ni wachache. Utaratibu ni kusimamisha kwanza, kuhakiki baadaye."

"Na hapo katikati watoto wanakula nini?"

"Afande..." Kijana alitazama meza. "Sauti zenyewe mtambo hurekodi. Nitakuwekea usikilize. Sitakiwi, lakini nitakuwekea."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, imezibwa kwa kitambaa. "Mimi ni jirani. Kuna kaya hapa inakula ruzuku ya bure. Mama wa mapacha, nyumba ya mwisho, nyuma ya mashine ya kusaga. Mumewe ana kazi, yuko mizani, kiwanda cha sabuni. Watoeni. Hawahitaji msaada wenu." Ikafuata kimya kidogo. "Hawahitaji msaada wa mtu yeyote."

"Rudisha," Inspekta alisema.

Kijana akarudisha. Safari hii Inspekta hakumsikiliza mwanamume. Nyuma yake palikuwa na mtoto anayekohoa, na kabla simu haijakatwa, sauti ya mwanamke aliyechoka ikiita: "Mwenye cheti cha kijani, dirisha la dawa! Cheti cha kijani!"

Nje, Koplo alikuwa akimngoja kivulini. Koplo huyu alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na kila kesi aliitaka iishe kabla ya chakula cha mchana. Alipoambiwa mpigaji ni mwanamume, alipiga makofi.

"Basi imekwisha! Bi Gunia ana kaka, ndiye anayempakilia mkaa. Dada katunga, kaka kapiga. Twende tukamzoe."

"Twende tukamuulize," Inspekta alimrekebisha.

Kaka huyo walimkuta stendi ya malori, gunia mgongoni. Alipoliteremsha na kuona sare ya Koplo, alijifuta uso kwa shati na kufungua mdomo. Neno halikutoka. Shingo ilimkakamaa, macho akayafumba. "Ssss... sssi... si mimi."

Koplo alitaka kummalizia sentensi, Inspekta akamgusa kiwiko. Wakangoja.

"Si-simu mimi siigusi, afande. Wa-watu wanakata kabla si-sijamaliza."

Mpigaji wa simu alikuwa amesema maneno yake kama maji ya mfereji, bila kujikwaa hata mara moja. Koplo akaangalia viatu vyake.

"Pole, kaka," Inspekta alisema. "Swali la mwisho, nikuachie kazi yako. Baba Pacha anafanya kazi gani?"

"Ka-karani."

"Una hakika?"

"Mtaa mzi-mzima unajua."

Walipoingia garini Koplo alivua kofia, akaiweka magotini. "Nilishamfunga yule," alisema. "Kichwani nilishamfunga."

"Mimi pia nilikuwa nimeanza," Inspekta alijibu. "Sasa nisikilize. Mtaa mzima unasema karani. Aliyepiga simu kasema mizani. Kwa nini?"

"Labda kakosea."

"Tukaulize kiwandani."

Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya mto, mbali na mtaa. Geti lilifungwa mnyororo, na alama ya tope ukutani ilipita juu ya kichwa cha mlinzi aliyekuja kuwasikiliza akiwa na redio kwapani.

"Kuna wafanyakazi wanaoingia siku hizi?" Inspekta aliuliza.

"Labda vyura. Mashine zote zimekufa. Tangu mafuriko hajaingia mtu."

"Hata wa kusafisha?"

"Wangesafisha nini, mama? Mwenye kiwanda mwenyewe amekimbia."

"Mlikuwa na karani mmoja hapa, baba wa mapacha."

Mlinzi alicheka. "Karani? Yule alikuwa mizani! Anapima mapipa. Mtu mzuri sana yule, mpole. Siku walipobandika tangazo alikuja, akalisoma, akabaki amesimama pale mpaka jua likawa kali. Nikampa kiti, hakukitaka. Hajarudi."

Njiani Koplo alijaribu kupanga mambo kwa sauti. "Kwa hiyo mpigaji kadanganya, kazi hakuna. Lakini hapohapo anajua habari ya mizani, ambayo majirani hawaijui. Nani anaijua?"

"Nani unadhani?"

"Mkewe. Lakini mkewe si mwanamume, wala hawezi kujichongea." Koplo akafungua mdomo aendelee, akaufunga. "Haiwezekani."

"Tumuulize mkewe kwanza. Na wewe ubaki garini. Mambo mengine hayataki watu wengi."

Mama Pacha alikuwa nje kwa dhamana. Inspekta alimkuta uani akifua, na nguo iliyokuwa beseni ilikuwa shati jeupe la kiume. Majirani waliokuwa wakisuka nywele barazani walinyamaza wote kwa pamoja. Mwenyeji alisimama, akafuta mikono, akamkaribisha ndani haraka, na kufunga mlango. Ndani, mapacha wawili walikuwa wamelala mkekani mchana kweupe.

"Wanaumwa?"

"Hapana. Wakilala hawaulizi."

Inspekta alikaa. "Mumeo yuko wapi, dada?"

"Kazini."

"Kwenye ofisi ya ruzuku uliandikisha kwamba mume wako hana kazi. Nimeona kwa macho yangu. Na mimi natoka kiwandani sasa hivi. Nakuuliza tena, kwa upole. Yuko wapi?"

Mama Pacha alitazama mlango, kisha akasogea karibu mpaka magoti yao yakagusana. Alipozungumza ilikuwa kwa kunong'ona.

"Sijui. Wallahi sijui anakwenda wapi. Anatoka alfajiri kama zamani, nampigia pasi shati, namwekea chakula kwenye kikopo. Anasema wanasafisha mashine, mshahara utalipwa wakianza. Nami namwambia haya, baba, kazi njema."

"Ulijuaje kama si kweli?"

"Nguo. Miaka yote alikuwa akirudi ananuka sabuni, hata ndevu zake. Siku moja nikamvua shati, linanuka jasho tu. Na kesho yake hivyohivyo." Alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Hajui kama najua. Nikimwambia nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu. Ndiyo maana nilikwenda kuandikisha kwa siri. Fedha ikiingia nanunua unga, namwambia nimekopa dukani. Anakubali. Anataka kukubali."

"Siku ya kuchukua fedha unakwenda wapi?"

"Kwa wakala wa mbali, wasinione wa mtaani wakamfikishia. Mkabala na hospitali kuu."

Inspekta hakuandika kitu. Aliuliza tu, "Je, Bi Gunia utamtaka radhi?"

"Kama si yeye, ni nani basi?" Mama Pacha alimkazia macho. "Afande, ni nani?"

"Nikute jioni kwenye kibanda cha mkaa cha Bi Gunia," Inspekta alisema, akasimama.

Ukumbi wa wagonjwa wa nje wa hospitali kuu ulijaa kama kawaida: mabenchi ya mbao, akina mama na watoto mgongoni, wazee waliolala wamekaa. Ukutani palikuwa na madirisha madogo yenye vyuma, na kwenye moja mwanamke mnene aliyevaa kofia nyeupe aliinua kichwa na kuita, "Mwenye cheti cha kijani, dirisha la dawa!"

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta akamwashiria abaki mlangoni.

Mtu waliyemtafuta hakuwa mgumu kumtambua. Alikaa mwisho wa benchi la nyuma, kando ya dirisha la barabarani, shati lake jeupe halina hata mkunjo, kikopo cha chakula magotini. Inspekta alikaa karibu naye. Kupitia dirisha lile kibanda cha wakala kilionekana ng'ambo ya barabara, na foleni fupi ya wanawake juani.

"Shikamoo, mama," mwanamume alisema kwa adabu.

"Marahaba. Bado hujaitwa?"

"Bado."

"Cheti chako cha rangi gani?"

Mwanamume alikiweka kikopo vizuri magotini, ingawa hakikuwa kimekaa vibaya.

"Mimi ni Inspekta. Sauti ya yule mama wa dirishani nimeisikia leo ofisi ya ruzuku, iko nyuma ya simu uliyopiga. Tuzungumze hapa, au twende nje?"

Alimfuata kwa macho mtoto aliyeitwa, mpaka akapita na mama yake, mlango ukafungwa nyuma yao.

"Hapa," alisema. "Nje watu wananijua."

"Kwa nini hospitali?"

"Mahali pengine mtu akikuona umekaa anakuuliza unangoja nini. Hapa hakuna anayeuliza. Wengine wananipa pole." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Mwezi uliopita nimekaa hapahapa nikamwona mke wangu kwenye foleni ile. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka machoni, lakini mke wangu namjua kwa kusimama kwake tu. Alipofika mbele akaangalia huku na huku kama mwizi. Nikajua amekwenda kusema. Amekwenda kwa watu nisiowajua, akaandikisha kwamba kwangu hakuna mwanamume."

"Aliandikisha kwamba huna kazi. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi aliyedanganya ni nani?"

Alitoa leso mfukoni, ndiyo ileile bila shaka aliyozibia mdomo, akajifuta paji la uso. "Nilitaka tu lifutwe jina. Nikajua fedha ikikatika ataacha, tutarudi kuwa watu kama zamani. Sikufikiri watasema ni jirani."

"Ulisema mwenyewe kwamba ni jirani."

"Ndiyo. Nilisema mwenyewe."

"Bi Gunia amevunjwa mkono. Ulisikia lini?"

"Siku hiyohiyo. Mke wangu alirudi anatetemeka, akaniambia wamegombania maneno ya bombani. Nikampa maji."

"Ukampa maji. Ukasema nini?"

Dirishani mwanamke wa kofia aliita jina, akaliita tena. Baba Pacha alikuwa ameinamisha kichwa mpaka Inspekta akaona kola ilivyogeuzwa na kushonwa upya, kwa mkono, kwa uzi mwembamba.

"Nikasema... nikasema Bi Gunia ana mdomo."

Inspekta alisimama. Kwa muda hakumtazama, alitazama foleni ya ng'ambo. "Taarifa ya uongo ni kosa, na nitaiandika. Lakini kabla ya kituo tunapita mahali."

"Afande, nakuomba." Alisimama naye, kikopo kimeshikwa kwa mikono miwili. "Kama ni kule, nipitishe njia ya nyuma."

"Tutapita njia wanayopita watu wote."

Walifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Mama Pacha alikuwa ameshafika, amesimama mbali kidogo na kibanda cha Bi Gunia, hathubutu kusogea. Alipomwona mumewe katikati ya polisi wawili alipiga hatua mbele, kisha akasimama, na usoni ikaonekana jinsi anavyoelewa, kidogo kidogo, bila kuambiwa.

"Sema," Inspekta alimwambia mwanamume.

"Ni mimi," alisema kwa mkewe. "Simu. Ni mimi niliyepiga."

Mama Pacha hakupiga kelele. "Siku zote hizi nimekuficha," alisema. "Nimekuficha kwa majirani, kwa mama yako, kwa watoto. Nimekuficha hata kwako mwenyewe. Na juzi ukaniacha nikampige mtu?" Akamgeukia Bi Gunia, akapiga magoti palepale penye tope jeusi. "Dada yangu, mimi sina la kujitetea. Wanipeleke wanakotaka."

"Inuka, utachafua gauni." Bi Gunia alisema kwa ukali, na mkono wa kushoto ukamshika begani kumwinua. "Wewe ulinipiga kwa hasira ya watoto wako. Nimekukasirikia, na nitaendelea kukukasirikia mpaka plasta hii itoke. Baadaye tutaona."

"Unataka kesi iendelee?" Inspekta aliuliza. "Ni haki yako. Juu ya mama huyu, na juu ya mumewe."

Bi Gunia alifikiri. Mtu mmoja alipita barabarani na ndoo tupu, akakitazama kibanda, akavuka upande wa pili.

"Umemwona yule? Alikuwa mteja wangu wa kila siku. Sasa ananipita. Wote wananipita, kwa kuwa mimi ndiye mchongezi wa mtaa. Mahakama itanirudishia yule?" Alielekeza kidole kwa mwanamume. "Mambo ya kesi nitayajibu kesho. Leo nataka shemeji akae hapa. Hapa, kwenye kreti langu, mpaka jua lizame. Kila anayepita amwambie."

Koplo alimtazama Inspekta. Kwenye utaratibu hapakuwa na kitu kama hicho.

"Mtuhumiwa yuko chini ya ulinzi," Inspekta alisema taratibu. "Mahali pa kukaa sijaandika bado. Na Mama Pacha, taarifa yangu itafika ofisi ya ruzuku kesho asubuhi. Jina lako litarudi. La Bi Gunia nalo nitawataka waliangalie upya, waje waione hiyo biashara yake."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Hakumtazama mumewe.

Baba Pacha alikaa kwenye kreti, shati lake jeupe mbele ya makaa. Haukupita muda, bibi mmoja wa ua wa pili akaja na karai lake, mwendo wa pole, macho yake yakikwepa plasta ya Bi Gunia. Alikuwa mmoja wa waliomwaga magunia. Alipomwona aliyekaa pale alishangaa.

"Baba Pacha! Leo hukwenda kazini?"

Alisimama. Mikono haikujua pa kukaa.

"Sina kazi, mama," alisema, chini kabisa. "Sina kazi tangu mafuriko. Na aliyepiga simu ile ni mimi."

Bibi alibaki na karai lake kiunoni, akamtazama yeye, akamtazama Mama Pacha, na mwisho akajilazimisha kuutazama mkono wa Bi Gunia. Nyuma yake wanawake wengine wawili walikuwa wamesimama na mizigo yao, wakinyoosha shingo.

"Sema kwa sauti, shemeji," Bi Gunia alisema. "Wale kule nyuma hawajasikia."

Baba Pacha alivuta pumzi, akainua uso, akasema tena.